Kazi ya Chenge

Jua lilikuwa linazama ziwani nilipoingia karakana ya Mzee Chenge, kule Mkolani, kuchukua jiwe la kaburi la mama yangu. Dereva wa guta la mizigo alibaki barabarani. Alisema yeye na makaburi hawapatani.

Jiwe lilikuwa mezani. Mama alilichonga mwenyewe, wiki zake za mwisho, huku akikohoa vumbi la marumaru alilolimeza miaka yote humo ndani. EVELINA. Juu ya jina akachora ua la kwao Bukavu, jekundu, ambalo sikuwahi kumuuliza linaitwaje.

Na chini kabisa, kwa herufi mpya za fundi mwingine: KAZI YA CHENGE.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Winnie. Pole na msiba."

"Hiki ni nini?"

"Nembo ya duka, mwanangu. Hakuna jiwe linalotoka hapa bila nembo."

"Kwani wewe umeshika patasi lini?"

Akacheka. "Ninyi wasomi wa Nyegezi mna midomo! Hapa si kwenye mdahalo. Mama yako aliingia nchi hii bila karatasi. Nani alimficha?"

Alimficha! Haya, sikilizeni alivyomficha. Mama alifika Mwanza akiwa msichana, patasi za baba yake zimefungwa kwenye kitenge. Akachora maua kwenye kuta za saluni za Butimba. Akachonga majina kwenye vikombe vya mashindano ya shule. Ndipo Chenge akamwona, na tangu siku hiyo ikawa ni mawe ya makaburi tu. Kabla hajagusa jiwe, mama alikwenda kwanza nyumbani kwa marehemu kutazama kinachochanua mlangoni. Huyu akapata ua la pamba, yule ua la boga. Wafiwa walikuwa wakiliona wanalia, halafu wanamshika mkono Chenge na kumshukuru. Mama akifungua mdomo, Chenge anataja uhamiaji. Hata alipopata karatasi, mji ulikuwa umeshazoea jina la Chenge.

Akafa hivyo.

"Lifute," nikasema.

"Nikilifuta jiwe litaharibika. Beba uende, giza linaingia."

Tk.

Tukageukia mlango wa uani.

Tk... tk... tk...

Patasi. Sauti ilikuwa inatoka huko, kwenye mawe yanayosubiri wenyewe. Kukanuka rangi mbichi. Kukanuka na vumbi lililolowa jasho, harufu ile ile ya nguo za mama kila jioni.

"Nani huko?" Chenge akanong'ona.

"Mchongaji si ni wewe? Katazame."

Akawasha tochi ya simu. Nikamfuata.

Mawe yalikuwa yameegemezwa ukutani kama alivyoyaacha. Ila majina ya marehemu yalikuwa yamezibwa, laini kabisa, kana kwamba hayajawahi kuchongwa. Na yale maneno KAZI YA, nayo yamezibwa. Jiwe baada ya jiwe, limebaki jina moja.

CHENGE.

CHENGE.

CHENGE.

Na juu ya kila jina, ua moja. Zambarau. Rangi bado inachuruzika.

"Hilo ua..." Akasogeza tochi karibu. "Hilo liko mlangoni kwangu."

Baridi ilinipanda hadi kwenye magego. Kisha, nisiwadanganye, nikasikia raha.

"Winnie, mwanangu. Mwambie aache."

"Mwambie wewe. Mwambie kazi ilikuwa ya nani."

Akarudi mezani anayumba, akashika patasi, akakwangua jina lake kwenye jiwe la mama. Pale pale, kwa mkono wa mtu asiyejua kazi, akachonga, ikasomeka: KAZI YA EVELINA. Vidole vilimtoka damu. Akaenda kwenye jiwe la pili, uani. Alipomaliza herufi ya mwisho, jina la marehemu likarudi, na ua lake likarudi. Akapiga magoti mbele ya la tatu.

Nikamwita dereva, tukapakia jiwe la mama, tukaondoka.

Tangu hapo Chenge anazunguka makaburini na patasi. Butimba, Nyegezi, mpaka visiwani. Kila jina analolirudisha linampa pumzi kidogo, lakini mwili unakwisha. Wengine wanasema amerogwa. Wengine wanasema kichwa kimeruka. Mimi sikumloga, na mama alikuwa mtu wa kanisa. Zaidi ya hapo sijui.

Juzi amekuja kwetu. Amekauka. Nilikuwa uani nafua.

"Limebaki moja," akasema. "Yote nimemaliza, lakini bado linagonga. Hapa." Akagusa kifua. "Mama yako hakukuambia lilipo? Nisaidie, binti yangu. Sitafika Jumapili."

Lilipo napajua. Lilimpasukia mama akiwa ameshachonga nembo ya Chenge, amebakiza ua tu, akalileta nyumbani, akaligeuza uso chini. Ndilo tunalofulia nguo.

"Sijui, mzee."

Chini ya shati nililokuwa nalisugua, jiwe likagonga.

Tk.

Chenge akainua kichwa. "Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

Nikaongeza sabuni.