Breki Nilizikagua Mwenyewe

Gari halikuwa na magurudumu, lakini lilinuka breki zilizoungua. Hapo ndipo pa kuanzia, na naomba usipapite haraka. Gari kuukuu la njia za mawe, limepandishwa juu ya magogo manne, halijasogea hata hatua moja tangu wiki iliyopita, halafu saa nne asubuhi, jua limewaka, gereji nzima inanuka kama lori lililoshuka mlima mrefu. Majini ya usiku tumeyazoea. La mchana halina adabu hata kidogo.

Fundi mwenyewe watu walimwita Sikio. Si kwamba masikio yake yalikuwa makubwa, ingawa madogo hayakuwa. Alikuwa na bisibisi moja ndefu. Ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anaubana sikioni, anafumba macho, halafu anakutajia kilichoharibika kabla hujamaliza kueleza. Dada yake alikuwa akimtania, "Mimi na wewe kazi yetu moja, kusikiliza ya ndani." Dada huyo alikuwa mkunga, na mkobani mwake hakikosekani kile kidude cha mbao, mfano wa tarumbeta ndogo, unachokiweka kwenye tumbo la mjamzito ukasikia moyo wa mtoto.

Gari lilikuwa la huyo dada. Alilihitaji kushukia bondeni, kwenye makazi ambako barabara ni mawe matupu na mteremko wenyewe unakukumbusha dhambi zako zote. Injini ya petroli ilikuwa imechoka, inakunywa mafuta kama imealikwa. Akamwambia mdogo wake, "Niwekee ya dizeli. Ijumaa ijayo nina mama wa mapacha kule chini, na hali yake si ya kupandishwa huku. Nakutegemea."

Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Ndiye aliyemtafutia ufundi. Akisema nakutegemea, Sikio hana pa kukimbilia.

Basi akaenda kwa muuza vyuma chakavu, akarudi na injini ya dizeli iliyokaa kwenye majani miaka miwili. Dada hakuuliza imetoka wapi. Nitakuambia mimi, maana ukimngoja Sikio akuambie utazeeka.

Injini ile ilitoka kwenye gari la abiria la rafiki yake, dereva aliyeitwa Taratibu. Jina lilimfaa: baiskeli zilikuwa zikimpita, naye anazipungia mkono. Sikio ndiye aliyemtolea injini ya petroli akamwekea hiyo ya dizeli. Sasa, kuna jambo moja dogo hapo ambalo kila fundi analijua. Injini ya petroli inafyonza hewa, na mfyonzo huo ndio unaousaidia mguu wa dereva kukanyaga breki. Dizeli haifyonzi hivyo. Lazima uifungie pampu ndogo ya kufanya kazi hiyo, la sivyo utakanyaga breki kama umekanyaga kizingiti cha mlango.

Sikio pampu aliifunga. Lakini asubuhi ya kukabidhi gari akaja mteja mwingine, mtu mkubwa, anafoka, anatazama saa, na gari lake linataka pampu ya aina ile ile. Sikio akaitoa kwenye gari la Taratibu, akampa yule bwana. Mpira wa hewa uliobaki wazi akauziba kwa bolti aliyoizungushia kipande chekundu cha tyubu. Akajiambia Jumamosi atatafuta nyingine.

"Breki naona ngumu kidogo, fundi," Taratibu alisema alipolijaribu.

"Zitalainika tu. Nimezikagua mwenyewe."

Taratibu hakuifikia Jumamosi. Alikuwa peke yake garini, na hiyo ndiyo nafuu pekee iliyopatikana. Watu wakaanza kusema alikuwa amelewa. Msibani, mjane akamshika Sikio mkono, akamuuliza mbele ya watu, "Shemeji, kwani gari lilikuwa na ubaya gani?" Sikio akainamisha kichwa, akajibu, "Shemeji, breki nilizikagua mwenyewe." Kila aliyesikia akaelewa. Tangu siku hiyo watoto wa Taratibu wakaitwa watoto wa mlevi.

Aibu hiyo ilimla Sikio. Alibadilisha njia ya kwenda kazini asipite mlangoni kwa mjane. Akimwona sokoni anageuka kutazama nyanya ambazo hana haja nazo. Na kilichomnyima raha zaidi ni ile bolti. Injini ipo kwa muuza vyuma, bolti ipo kwenye injini, na fundi yeyote mwenye macho akiiona ataelewa. Kwa hiyo dada alipotaka dizeli, Sikio aliona mlango umefunguliwa. Alinunua injini ile ili aifiche. Siku ya kwanza tu akaichomoa bolti, akaitupa kwenye shimo la choo, akaisikia ikitua chini. Halafu akafunga pampu mpya, nzuri, na kila kitu akakifanya sawasawa. Hilo simnyimi.

Kesho yake ndipo harufu ilipoanza. Alikagua kila ngoma ya breki, zote baridi. Akainama kuutazama mpira wa pampu, na humo ndani, imekazwa vizuri, ikakutana na macho yake: bolti, na kile kipande chekundu. Ilikuwa imelowa. Ilinuka kile inachonuka kitu kilichotoka chooni.

Akaitoa kwa koleo, akaenda kuitupa mtoni. Ikarudi. Akaiyeyusha kwa moto wa kuchomelea. Ikarudi ingali ya moto.

Hakumwambia mtu. Atasema nini? Akaiwasha injini, akachukua bisibisi yake ndefu, akaigusisha, akafumba macho kama siku zote. Kwanza alisikia chuma kikigonga chuma, sawa, mafuta yanapita, sawa, halafu chini ya mgongano ule wa milio, pale ambapo fundi mwingine asingefika, akasikia mtu anaongea, polepole, kwa kufuata mpigo wa injini, neno moja kila pistoni inapopanda, breki, nilizikagua, mwenyewe, breki, nilizikagua, mwenyewe, na sauti haikuwa ya Taratibu, angalau angejua ni maiti anadai haki yake, sauti ilikuwa yake yeye Sikio, ya siku ile ya msibani, na ile kwikwi ya uongo aliyoitia katikati ili ionekane analia.

Bisibisi ikamponyoka.

Alhamisi asubuhi, magurudumu yamekwisha kurudishwa, dada akaja kulijaribu gari. Sikio alikuwa ameshaitoa bolti mara ya sita, na aliomba kimoyomoyo kitu alichokuwa hana uso wa kukiomba. Dada akaliwasha, akalizungusha uani, akakanyaga breki. Gari likaendelea. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, mwili umeinuka kitini, na gari likaenda taratibu, likagonga pipa la maji, likaligandamiza ukutani, ndipo likasimama.

Dada akachomoa ufunguo, akashuka. Ufunguo alikuwa nao mkononi. Injini bado inanguruma.

"Izime," alisema.

Sikio akafungua mpira wa mafuta, dizeli ikamwagika chini. Injini haikujali.

"Hii inakunywa nini sasa?" dada alinong'ona. Halafu akainamisha kichwa, uso ukabadilika. "Mbona kama... Nyamaza kwanza."

Akatoa mkobani kile kidude cha mbao, akakisimamisha juu ya boneti, akaweka sikio. Sikio alitamani ardhi ipasuke. Alimwona dada yake akisikiliza kwa ule utulivu wake wa kazini, midomo ikihesabu, kisha ikaacha kuhesabu.

"Ni wewe huyu," alisema kwa sauti ndogo. "Mdogo wangu, mbona ni wewe uliyemo humu?"

Mganga aliyeletwa alikuwa mama mmoja fundi cherehani, na alikuja na futi yake ya kitambaa shingoni kwa sababu aliitwa katikati ya gauni la mtu. Akalizunguka gari mara moja. Dada akamuuliza kama atahitaji ubani.

"Ubani wa nini? Nitamaliza ubani wangu bure. Huyu hakutumwa na mtu. Kuna uongo uliachwa humu, ukakaa kama nyumba isiyo na mwenyewe, naye akahamia." Akamtazama Sikio. "Aliyeusema auvunje. Mbele ya aliyeambiwa, na hapa hapa, ili huyu asikie. Na aseme yote, baba. Ukimbakizia chumba kimoja, hahami."

Dada, aliyekuwepo msibani maneno yale yaliposemwa, akaenda mwenyewe kumwita mjane wa Taratibu. Mjane akaja na mapovu ya kufulia bado mikononi. Injini ilikuwa imenguruma tangu asubuhi bila tone la mafuta, na harufu ya breki ilikuwa inakaba koo.

Sikio alisimama mbele yake. Miaka miwili hakuwa amemtazama usoni, na sasa akaona jinsi alivyokonda.

"Shemeji," alianza, sauti ikakatika. "Shemeji, breki sikuzikagua. Gari la mumeo lilikuwa halina pampu ya breki. Taratibu hakulewa. Nililijua hilo siku ile ile, nikakudanganya mbele ya watu. Kosa ni langu."

Mjane hakulia. Alijifuta mikono kwenye gauni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Kwa nini lilikuwa halina pampu?"

Ilikuwa imebaki hapo tu. Alikuwa na jibu mdomoni, niliitoa nikampa mtu mwenye gari kubwa kwa sababu alinifokea, maneno machache, na akaona uso wa dada yake aliyemlea akimsikiliza, na uso wa mjane, na akafikiri jinsi kisa kitakavyosikika, kwamba roho ya rafiki yake aliipima na makelele ya mteja akaona makelele ni mazito zaidi, na aibu ikampanda kutoka miguuni hadi masikioni, ikamfunga.

"Nilisahau," alisema.

Injini ikazima.

Kimya kilichofuata kiliumiza masikio. Mjane akaanza kulia sasa, akamshika mkono kama alivyomshika msibani. "Mtu anasahau, shemeji. Ungeniambia tu. Njoo jioni uwaambie watoto wangu kwamba baba yao hakuwa mlevi." Sikio aliitikia kwa kichwa. Msamaha ule ulimchoma kuliko matusi.

"Limetoka!" dada alisema, anafuta machozi.

Mganga alikuwa anaizungusha futi yake vidoleni, macho yako kwenye shati la Sikio kama anamchukua vipimo. "Limetoka kwenye gari," alisema, akaenda zake kumalizia gauni.

Ijumaa dada akashuka bondeni. Breki zilishika vizuri, bolti haikurudi tena, na mapacha wakazaliwa salama, wa pili akitanguliza miguu. Alirudi Jumamosi mchana, amechoka, ana furaha. Akamkuta mdogo wake ameketi gerejini, mikono mapajani, spana chini. Chakula hakijaguswa. Alikuwa amekwenda kweli kuwaambia watoto wa Taratibu, na kitinda mimba alimshika kidole njia nzima hadi barabarani. "Kifua kizito, dada," alisema. Alipoongea, dada akageuza uso kidogo kwa harufu.

Akamlaza kwenye benchi, akamfungua vifungo, akachukua kidude chake cha mbao, akakiweka kifuani na kusikiliza. Midomo ya Sikio ilikuwa imefumbwa.

"Mdogo wangu," alinong'ona bila kuinua kichwa. "Pampu ya Taratibu. Kweli ulisahau?"

Angeweza kusema. Walikuwa wawili tu, mlango umerudishwa, na mtu anayemuuliza ndiye aliyemfunga nepi. Lakini ni mtu huyo huyo hasa ambaye hakutaka ajue.

"Nilisahau, dada."

Dada akakisogeza kidude kushoto, kisha katikati, akamgeuza akakiweka mgongoni, anatafuta kama anavyotafuta mapigo ya mtoto aliyenyamaza tumboni. Mapigo hayakuwepo. Kulikuwa na neno moja tu linapiga mahali pa moyo, nilisahau, nilisahau, kwa mwendo wa injini iliyotulia, huku mdogo wake anapumua, amemkodolea macho, anangoja aambiwe kitu.

"Unasikia nini?" Sikio aliuliza.

Dada alimtazama. Hakuwahi kumdanganya tangu azaliwe.

"Moyo tu," alisema. "Uko sawa."

Akakirudisha kidude mkobani haraka. Kilikuwa kimeanza kunuka breki zilizoungua.