Dari ya Chumba cha Nyuma

Kila Jumamosi Nthambi aliamka mapema, akachota maji, akafagia uani, kisha akaketi juu ya gunia la mapazia kumngoja mwenye mkokoteni. Wenzake wa darasa la saba pale Ukunda walikuwa bado wamelala. Yeye na mama yake, Kavenya, walikuwa na nyumba ya kupamba.

Kazi hiyo ilizaliwa na shida. Kavenya alikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli moja huko Diani. Baada ya fujo za mwaka wa tisini na saba watalii waliadimika, hoteli ikafungwa, naye akarudi nyumbani mikono mitupu. Wenye nyumba wengi nao walitaka kuuza na kuhama. Nyumba zikawa tele, wanunuzi wakawa wa kutafutwa, na nyumba tupu haimvutii mtu. Ndipo Kavenya alipoanza kuzipamba. Alisafisha, akatundika mapazia, akapanga makochi na vitanda vyake, ili anayeingia aone makao wala si kuta. Nyumba ikiuzwa, au mwenye nyumba akikata tamaa, vitu vilipakiwa tena na kupelekwa kwingine. Makochi yale yalikuwa yamelala katika majumba ambamo Kavenya na binti yake hawakuwahi kulala.

Jumamosi moja walikwenda kupamba nyumba ya tatu ya mwezi huo. Mbili za kwanza hazikupata mtu. Kavenya alipanda ngazi za baraza polepole, mkono kiunoni.

"Mimi nitashughulikia sebule na jiko," alimwambia binti yake. "Wewe chukua chumba cha nyuma. Kikague kwanza, dari, kuta na mlango. Ukiona kasoro niite, tumwarifu mwenye nyumba. Umenisikia?"

"Ndiyo, Mama."

Chumba cha nyuma kilinuka uvundo. Nthambi alipoinua macho aliona doa la kahawia kwenye dari, pana kama sinia, na mbao zimebonyea katikati. Mvua kubwa za El Nino zilikuwa zimepita, lakini hapo zilikuwa zimeacha kazi yake. Akabonyeza kwa mpini wa ufagio. Ubao ulikuwa laini kama mkate uliolowa, na unga wa mchwa ukamdondokea usoni.

Alipaswa kuita. Lakini alijua kitakachofuata: kazi isimame, fundi atafutwe, vitu vipakiwe, virudishwe, viletwe tena. Mabega yalimuuma. Alikisukuma kitanda cha nguzo nne mpaka chini ya doa, akatandaza chandarua kizito juu ya nguzo zile, na doa likapotea.

"Umekagua?" Kavenya aliuliza kutoka ukumbini.

"Nimekagua, Mama. Hakuna kitu."

Kavenya alichungulia, akatabasamu kwa uchovu. "Umekuwa fundi kunipita."

Sifa ile ilimchoma Nthambi kuliko kofi.

Alasiri, dalali aitwaye Menza alifika na mnunuzi. Alikuwa Bi Hasina, muuguzi mstaafu wa Msambweni, mama wa makamo mwenye miwani.

"Shikamoo, Bi," Nthambi alisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Bi Hasina alifungua mifereji, akagonga milango, akashusha pumzi. "Nyumba nne nimeonyeshwa wiki hii. Miguu imeniisha."

"Ya tano ndiyo yako, inshallah," alisema Menza.

Katika chumba cha nyuma Bi Hasina aliketi kitandani, akaupapasa mto. "Hapa atalala mama yangu," alisema. "Amepooza upande mmoja, hageuki ila ageuzwe. Kitanda kikae papo hapo, apate upepo wa dirishani. Alhamdulillahi, naona nimefika."

Nthambi aliinua macho kwenye chandarua. Aliona mtu asiyeweza kusogea, na ubao ule juu yake.

"Bi, ondoka hapo!" alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Dari imeoza. Nimeificha mimi. Mama hajui."

Menza alisonya. "Mama Nthambi, mtoto wako anatuvunjia soko! Nyumba gani haina doa?"

 Bi Hasina aliposimama, Kavenya alikivuta chandarua kando, akachukua ufagio na kubonyeza. Kipande kizima kiliporomoka, kikaangukia katikati ya mto.

 Bi Hasina alikung'uta vumbi kwenye buibui lake. "Nimechoka, jamani," alisema hatimaye. "Nirudisheni stendi."

Njiani kurudi nyumbani Nthambi aliomba msamaha mara mbili. "Leo sina maneno, mwanangu," Kavenya alijibu.

Jumatatu Kavenya alimpigia simu mwenye nyumba, akamweleza yote bila kupunguza. Fundi aliletwa, akakuta boriti mbili zimeliwa na mchwa. Kazi ilichukua wiki tatu. Kila jioni baada ya shule Nthambi alikwenda kubeba mbao zilizooza na kusugua sakafu, bila kutumwa.

Mwezi uliofuata, aliposikia dari imetengenezwa, Bi Hasina alirudi, safari hii bila dalali. Alitazama dari mpya kwa muda mrefu.

"Nyumba zile nne niliambiwa hazina ila," alisema. "Hii peke yake ndiyo niliyoambiwa ila yake. Basi hii ndiyo ninayoijua. Nitaichukua."

Siku ya kuhamisha vitu vyao, Kavenya alikaa kwenye ngazi za baraza, akamvuta Nthambi aketi kando yake.

"Sasa maneno ninayo," alisema. "Kupamba nyumba ni kuonyesha uzuri uliopo. Kuficha ubovu ni kazi nyingine, nayo si yetu. Najua ulikuwa umechoka. Hata mimi nimechoka, tena sana. Lakini ukichoka, sema umechoka, tupumzike. Ukiufunika uchovu wako kwa uongo, mzigo hauishi. Unamwangukia mtu mwingine, na pengine ni yule asiyeweza hata kujigeuza."