Mvuke Kwenye Kioo cha Abiria

Rafiki yangu Eliécer, muuza jibini wa mji wa milimani wa Manizales, si mwongo. Ni mbishi tu. Asubuhi ile mkewe alimwambia, "Ukiipita sanamu ya Bikira kule mlimani, piga honi kama madereva wenzako, akulinde njiani."

"Bikira si trafiki, mama watoto." Akaipita sanamu na gari lake bila kupiga honi.

Mbele kidogo ukungu ukamzingira, vioo vikajaa mvuke. Akasimama kando ya korongo, akawasha hita na kiyoyozi pamoja. Vioo vyote vikatakata, isipokuwa cha abiria: kilibaki na duara dogo la mvuke, likitanuka na kunywea.

Alikuwa peke yake. Akasukuma mlango wake, ukakataa kufunguka. Akabana pumzi asikilize. Duara likazidi kutanuka na kunywea.

Kisha likafutika. Eliécer alikuwa bado amebana pumzi pale kioo cha upande wake, usawa wa sikio, kilipoanza kuingia mvuke.