Kipimo cha Sikio

Ndugu wananchi wa kijiji hiki, wakubwa kwa wadogo, mlioko majumbani na mlioko mashambani: anayezungumza nanyi ni Lusiana Kornel, Mkurugenzi wa Habari, Matangazo na Mambo Yote Muhimu. Tulieni, mnisikilize.

Cheo hicho nilijipa mwenyewe. Kwa kweli nilikuwa nimepakiwa nyuma ya pikipiki ya Nuhu, kijana wa bodaboda, nimebana spika kubwa kwa magoti isidondoke, na muda mfupi kabla ya uteuzi wangu nilikuwa nasugua masufuria nyumbani kwa shangazi. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, na mwenye kipaza sauti haulizwi alikotoka.

Zilikuwa siku za mwisho za likizo. Nasoma shule ya bweni Nachingwea, na kila likizo nakaa kwa shangazi yangu, Mwalimu Domitila, katika kijiji kisicho mbali na Ruangwa mjini. Shangazi anafundisha darasa la awali, wale watoto wanaoingia shuleni na kamasi na kutoka wakijua kuhesabu. Kwake Januari ni mwezi wa hekaheka. Asubuhi ile tulifagia darasa, tukaosha vizibo vya soda vya kuhesabia, tukashona mkeka uliotafunwa na panya. Nilipolalamika kwamba mtu anayeingia kidato cha tatu hastahili kuosha vizibo, shangazi alinikumbusha kwamba mtu huyo alijifunza kuhesabu kwa vizibo hivyohivyo, na mara nyingi alikosea.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuandikisha watoto wapya. Kulikuwa na jambo lingine ambalo shangazi hakulijua. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kassian, alikuwa amepanga na wazazi kumpa pongezi siku hiyohiyo, maana nusu ya kijiji ilijifunzia kushika penseli kwake. Hilo lilikuwa siri. Tangazo nililoagizwa kupitisha lilikuwa fupi na halikuwa na ladha yoyote: kila mtoto aliyetimiza miaka mitano aletwe shuleni Jumamosi asubuhi na mzazi au mlezi wake, aje na kikombe cha uji.

Nililitangaza vizuri kuanzia barabarani hadi kisimani. Tatizo lilianza tulipofika kwa wazee wanaocheza bao. Juzi yake nilikuwa nimewasikia wakijisifu jinsi walivyopimwa zamani ili waingie shule. Unapitisha mkono juu ya kichwa. Ukigusa sikio la upande wa pili, umekua, unaandikishwa. Usipogusa, unarudi nyumbani. Walikuwa wakionyeshana, na mmoja wao mkono uligoma kushuka mpaka akakandwa bega. Nilipowaona tena, nilishindwa kujizuia.

"Aidha," nikasema kwa sauti nzito ya kiserikali, "kile kipimo cha sikio kimerudi. Mtoto asiyegusa sikio hataandikishwa. Mnashauriwa kuanza mazoezi mapema."

Nuhu alicheka mpaka pikipiki ikayumba. Nami nikalirudia tangazo hilo kila kona iliyobaki, bila kujitaja jina, ila jirani na shangazi na mwenyekiti nilizima spika.

Kuanzia hapo kijiji chetu kilipendeza. Kila uani palikuwa na mtoto mwenye mkono kichwani, kama vile wote wamebeba mizigo isiyoonekana. Mama mmoja alimvuta mwanawe kiwiko kwa mkono mmoja huku akikoroga mboga kwa mwingine. Mwenye duka alijipima, akagusa, akawatangazia wateja kwamba anaweza kurudi shule. Nilipita kati yao na uso wa mtu aliyetoka msibani, nikiwapa moyo. Niliona nina kipaji.

Jumamosi wazazi walikuja wengi. Watoto waliofika mezani kwa shangazi walirusha mikono juu ya vichwa kabla hawajaulizwa hata majina. Shangazi alicheka, akadhani ni mabibi na mababu wamewafundisha mambo yao ya zamani, akawaandikisha wote, waliogusa na wasiogusa. Nikajiambia kwamba utani wangu umepita salama.

Kisha shangazi akatazama dirishani. "Hajra hajaja?" akauliza.

Mwaka uliopita Hajra alikuwa bado hajafika umri wa kuandikishwa, lakini kila asubuhi aliyokuwa kijijini alisimama nje ya dirisha la awali, akaimba na waliokuwa ndani, akahesabu mawe yake mwenyewe. Shangazi alimwita mwanafunzi wa dirishani. Aliishi na bibi yake, Bibi Somoe, na wote tulijua kwamba mvua zikishika Bibi Somoe huhamia shambani kwake, upande wa Nambilanje, kulinda mazao dhidi ya nguruwe na ngedere hadi mavuno. Hajra akiandikishwa angebaki kijijini kwa majirani; asipoandikishwa angekwenda naye, na mwaka mzima wa shule ungempita. Na Hajra alikuwa na mikono mifupi. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Nilimwambia shangazi naenda kumwangalia, nikatoka mbio.

Niliwakuta mizigo imeshafungwa: sufuria, majembe, mbegu za ufuta. Hajra alikuwa amekaa kizingitini, bega moja linang'aa kwa mafuta, kikombe chake cha plastiki kimewekwa juu ya mzigo. Nikawaamkia. Bibi Somoe, ambaye Kiswahili hukitoa taratibu kwa kuwa kichwani anaongea Kimwera, aliitikia bila kuacha kufunga kamba. Nikamuuliza mbona hawajaja shuleni.

"Mkono wake haufiki," akasema. "Tumejaribu. Nimemkanda mafuta. Haufiki."

Nikamwambia kipimo kile si cha kweli, na watoto wote wameandikishwa. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto anayekutetea kwa mapenzi tu.

"Mjukuu wangu, lile lilikuwa tangazo. Hata mimi nilipimwa. Mkono haukufika, wakasema nirudi mwakani. Mwakani baba akasema nimeshazoea jembe." Akakaza fundo. "Sitaki na huyu asimamishwe mbele za watu, halafu arudishwe."

Hajra akapitisha mkono juu ya kichwa tena. Uliishia utosini. "Dada Lusi," akaniuliza, "wa kwangu utakua lini?"

Hapo ndipo mtu mwaminifu angesema ukweli. Mimi nilikwenda kumtafuta Nuhu.

Tulisimamisha pikipiki nyuma ya jiko la Bibi Somoe, katikati ya mihogo, nikatoa tena sauti yangu ya kiserikali. Nikatangaza kwamba kipimo cha sikio kimefutwa kuanzia asubuhi hiyo, na watoto wote wafike shuleni haraka, hasa wenye mikono mifupi. Haukupita muda nikamwona Bibi Somoe akijifunga kanga safi, na Hajra ametangulia njiani, kikombe amekivaa kichwani kama kofia. Nilijipongeza. Kila kitu kilikuwa kimerekebishwa na hakuna aliyejua.

Hajra aliandikishwa wa mwisho. Ndipo Mzee Kassian akafika na doti ya kanga iliyofungwa kwenye karatasi, akamsimamisha shangazi mbele ya darasa lake. Hakuongea sana. Aliwaomba wazazi wote waliofundishwa na Mwalimu Domitila wasimame, na waliobaki wamekaa walikuwa wachache. Vigelegele vikapigwa. Shangazi alijifuta machozi kwa kanga mpya kabla hata haijatoka yote kwenye karatasi, akasema pongezi hizo pia ni za mama anayewapikia watoto uji, na za kila mlezi anayemwosha mtoto uso asubuhi.

Ingekuwa vizuri sherehe iishie hapo. Lakini Mzee Kassian alikohoa, akasema kuna mtu mwingine wa kushukuriwa. Watoto wamekuwa wengi mwaka huu, alisema, kwa sababu tangazo lilitolewa kwa ufasaha. "Lusiana, pita mbele, mama. Waambie neno."

Walinipigia makofi. Kipaza sauti kikawekwa mkononi mwangu.

"Ndugu wananchi," nikaanza, na kwa mazoea ikatoka ile sauti nzito.

Hajra, aliyekaa kwenye mkeka wa mbele, alishusha kikombe chake. "Bibi," akasema, "ndiyo yeye wa sikio. Hata leo alikuwa kwenye mihogo. Niliona miguu yake, nikajua anacheza kujificha."

Mzee Kassian akauliza ni sikio gani linalozungumzwa, na Nuhu ghafla akakumbuka kwamba gurudumu lake halina upepo. Bibi Somoe alinitazama tu, kisha akamfuta Hajra mafuta begani kwa ncha ya kanga yake. Ningependa zaidi angenifokea.

Shangazi akanisogelea. Nilidhani atachukua kipaza sauti, lakini aliniachia.

"Lusi, utani wako naupenda. Bila wewe nyumba yangu ingepooza," alisema. "Lakini unayemtania lazima awe na njia ya kujua kwamba unatania, ili acheke na yeye. Bibi Somoe hakuwa na njia hiyo. Alichosikia ni shule ikimfungia mlango mara ya pili. Na ulipotaka kurekebisha, ukajificha. Kosa ulilolitangazia kijiji kizima, likiri huku kijiji kizima kinakuona."

Nilitafuta ile sauti nzito, sikuipata. Ikabaki yangu ya kila siku, nyembamba kidogo.

"Anayezungumza ni Lusiana Kornel, mwosha vizibo," nikasema. "Hakuna kipimo cha sikio. Hakikurudi na hakikufutwa. Nilikitunga mimi, ili nicheke. Mkono wa Hajra hauna kosa lolote. Bibi Somoe, nimekukosea. Naomba unisamehe."

Bibi Somoe akainua mkono, akaupitisha taratibu juu ya kichwa, akashika sikio la upande wa pili bila taabu.

"Mimi wangu umeshafika," akasema. "Basi niandikisheni."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao. Nilipogeuka, shangazi alikuwa kabatini anamtafutia kikombe cha uji.