Nyusi Zinazojibu

Kitendawili! Mapacha wawili wanakaa juu ya madirisha; wakiruka, jibu limeshatoka. Kaeni nacho, mtakifumbua wenyewe.

Theluji ilikuwa imefika dirishani. Nilikuwa nakula samaki mkavu na chai, mjukuu wangu Nastasia akaingia kutoka shuleni anakofundisha. Hakuvua hata buti. Aliweka mezani karatasi ya mkaguzi wa shule aliyekuja darasani kwake.

"Mkaguzi kaandika nini?" nikamuuliza.

"'Wanafunzi hawajibu. Mwalimu hawezi kuwachangamsha.' Akiandika hivi tena, Bibi, naondolewa."

"Hukumweleza?"

"Hakuniuliza. Alifunga daftari, akatoka."

Nikaenda kufungua sanduku. Nikatoa karatasi nyingine, imegeuka manjano. Ilikuwa ya binti yangu Olinka, mama yake Nastasia. Mkaguzi mwingine, maneno yale yale. Olinka aliondolewa, na hakushika chaki tena mpaka tulipomzika.

Asubuhi nilivaa koti langu la manyoya, nikaenda shuleni. Mkaguzi, Bwana Dellinger, alikuwa akingoja ndege ya kumrudisha mjini.

"Nikusaidie nini, Bibi?"

"Nimekuja kukusaidia wewe. Jana watoto uliwatazama wapi?"

"Mdomoni. Nilingoja waseme."

"Ungengoja mpaka barafu iyeyuke! Njoo ukae mbele, uwatazame usoni."

Tukaingia darasani. Nastasia akauliza, "Barafu ikiwa nyeusi, ni nyembamba?"

Hakuna aliyefungua mdomo. Nyusi zikapanda, kiti kwa kiti. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Za mtoto mmoja tu, Evan, hazikupanda. Nastasia akamwinamia, akamweleza upya polepole, mpaka nazo zikapanda.

Bwana Dellinger akashusha kalamu. "Kumbe jana walinijibu kutwa nzima."

"Walikujibu. Siku nyingine muulize mwalimu kwanza, kisha utazame, kisha mzungumze. Kalamu iwe ya mwisho."

Akachana karatasi yake. Akakaa na Nastasia, wakaandika nyingine pamoja. Siku hizi akija huanza na chai, anamuuliza, "Mwalimu, leo nitazame nini?" Nastasia bado anafundisha, na Evan sasa anasoma vizuri.

Lakini siku ile, kabla ndege haijafika, nilimpa na ile karatasi ya manjano. Akaisoma mara mbili.

"Na huyu, watoto walikuwa wakimjibu?"

Nikainua nyusi.