Kufuli Kwenye Kisima cha Mama Hamudi

Jumatatu, tarehe 10 Julai 1995, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, Anjelina aliona nyayo mbichi kwenye sakafu ya chumba cha wageni. Zilikuwa za mtu mmoja, peku. Wasichana wanne aliowasimamia walikuwa uani wakimenya mihogo, wote wamevaa kandambili, na tangu asubuhi hakuna aliyeoga. Newala, mwezi wa saba, maji hayamwagwi ovyo.

Wasichana hao walikuwa wametoka Ujerumani kwa likizo ya wiki sita. Anjelina, aliyemaliza chuo kikuu mwaka uliopita, alikuwa ameajiriwa na shirika dogo la watu binafsi kuwatafutia nyumba salama. Alikuwa na fomu ya kurasa nne. Wakazi wa nyumba: wawili, Mama Hamudi na mdogo wake Mohamedi. Vyandarua: vinne. Kitasa cha chumba: kipo. Kisima cha maji ya mvua, uani: hakina kufuli. Hapo alikwama. Alinunua kufuli, akafunga mfuniko wa bati, na ufunguo akauvaa shingoni. Kila asubuhi alichota mwenyewe ndoo nne, kisha akafunga.

"Shikamoo, Mama Hamudi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nani ameingia chumbani kwa wasichana?"

"Aingie nani? Ufunguo wa chumba unao wewe, wa maji unao wewe. Bado wa sufuria tu."

Mohamedi alicheka. Anjelina hakucheka. Alimtazama mikono, kisha miguu.

Jumanne, shuka la Silke, mdogo kuliko wenzake, lilikutwa limelowa upande wa miguuni. Lilinuka ukungu na bati kuukuu.

"Kuna mtu hukaa hapa," Silke alinong'ona. "Anasema ana kiu."

"Mwanamume?"

"Sijui. Sauti inatoka chini."

Jumatano mchana, kabla ya kwenda sokoni, Anjelina alinyunyiza unga wa muhogo chumba kizima, akafunga mlango, akaondoka na wasichana wote, na kwa makusudi akamchukua Mohamedi abebe vikapu ili asimwache nyuma. Waliporudi mlango ulikuwa umefungwa kama alivyouacha, lakini ndani, kwenye unga, nyayo zilianzia kitandani kwa Silke na si mlangoni, zikaenda hadi kizingiti bila kurudi, na nje zikaendelea, nyeupe, moja baada ya nyingine, zikakatiza uani mbele ya macho ya Mohamedi aliyekuwa bado ana vikapu mikononi, hadi juu ya mfuniko wa kisima, na hapo zikakoma.

Silke alikuwa amewatangulia kufika kisimani. Alikuwa amepiga magoti kando ya mfuniko, midomo imepasuka kwa ukavu, anamimina maji yake ya kunywa kwenye upenyo wa bati, tone kwa tone.

"Silke! Unafanya nini?"

"Nampa. Amesema yangu yakiisha, atanichukua mimi."

Chini, kitu kilimeza.

Mama Hamudi alimvuta Anjelina jikoni. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

"Kisima hiki alichimba babu yangu. Kata ya kwanza ya maji ya kila siku tunairudisha kisimani. Ni yake mwenyewe, aliyekuwepo kabla yetu. Tangu ufunge kufuli, siku tisa sasa, hajapata."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje, mwanangu, na wewe una fomu? Ungeandika Mama Hamudi mshirikina, ukawahamisha watoto."

Usiku ule Anjelina na wasichana, wote watano, walilala jikoni, Silke akiwa katikati, mkono wake umefungwa kwa kanga kwenye mkono wa Anjelina. Fundo lilikutwa limelowa, lakini lilikuwa halijafunguka.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Anjelina alifungua kufuli. Alichota kata moja, akairudisha polepole. Maji yalianguka yasitoe mlio wowote, kana kwamba yamekingwa. Akarudisha kata ya pili, ya tatu, hadi ya tisa, na kila mara ni hivyohivyo. Ya kumi, ya siku hiyo, ndiyo iliyolia majini kama maji.

Gari lililopangwa tangu mwanzo kuwapeleka wasichana Ndanda lilikuja saa mbili. Aliwahesabu mlangoni mwa gari: wanne, miguu mikavu. Kufuli aliliacha jikoni kwa Mama Hamudi. Kisha, kabla ya kupanda, aliweka fomu kwenye boneti, akatafuta mstari wa wakazi wa nyumba, akakata neno "wawili" kwa rula, na juu yake, kwa mwandiko safi, akaandika: watatu.