Chuma cha Zizi la Nkoma

Chuma kikichomwa kinanuka chuma. Lakini siku ile, kwenye gereji ya Masele nyuma ya soko la Bariadi, saa nne asubuhi na jua linawaka, chuma kiliguswa na moto wa gesi kikanuka ngozi. Ngozi mbichi, yenye manyoya yake, kama ya ndama aliyekandamizwa chini anapigwa chapa.

Nyanjige, mke wa fundi, ndiye aliyekuwa amekishika upande wa pili kwa koleo. Huyu hakuwa mwanamke wa kukaa nyumbani kungoja mume alete mboga. Jeki anapiga yeye, giaboksi anainua yeye, na spana namba kumi na saba ikipotea, Masele haitafuti chini, anamtazama mke wake.

"Masele, hiki chuma umekitoa wapi?"

"Kwani kinakudai?"

"Kinanuka."

"Hata wewe nikikuchoma utanuka, ng'wana Salu," alimtania kwa jina la baba yake. "Shika vizuri."

Mwaka ule serikali ilikuwa imewaachia watu binafsi biashara ya pamba, na kila mwenye gari na mzani alijiita kampuni. Mmoja wao alikuwa Constantine, mnene, shati mfukoni limechoka kwa kalamu, aliyekuja na Land Rover ya zamani iliyofia njiani. Giaboksi ilikuwa imesagika meno yote. Ya Land Rover hakuipata, akapata ya Toyota. Mafundi wengine wakamcheka. Masele akamwambia, "Bosi, mimi naweza kufunga giaboksi ya Toyota kwenye kitanda cha kamba, na kitanda kikaondoka na gia ya kwanza."

Giaboksi ya Toyota ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani kwa shibiri nzima. Tako lake lilipita krosimemba, yaani ule mwamba wa chuma uliolala chini ya gari kutoka ubavu mmoja wa chesisi hadi mwingine, na ndio unaobeba giaboksi isianguke barabarani. Masele akaukata ausogeze nyuma. Kumbe kutu ilishaula. Ukamvunjikia mikononi kama kipande cha muhogo mkavu. Na chuma kinene Bariadi nzima hakikuwepo, wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamezoa mpaka majembe ya marehemu. Basi akapanda baiskeli, akapotea siku mbili, akarudi na chuma kirefu, cheusi, upana wa kiganja, na mwishoni kina pete nene yenye pembe mbili.

"Haya, nakwambia," alisema sasa huku akizima moto. "Nimekitoa kwenu Nkoma. Kwenye lile zizi la mawe. Kilikuwa kimechomekwa mlangoni."

Koleo likamdondoka Nyanjige.

"Lile zizi lina mwenyewe!"

"Mwenyewe alishakufa tangu enzi za babu yako."

"Mwenyewe hajawahi kuwa mtu, Masele. Sisi tulikatazwa hata kulielekezea kidole."

"Basi ni jini gani hilo linaloshindwa kulinda chuma chake?" Akacheka. "Nimechimba saa nzima mchana kweupe, hakuna aliyeniuliza hodi. Tena tazama, ile pete ya chapa ndiyo nimeigeuza kiti cha mpira wa giaboksi. Imekaa kama imetengenezwa Japani!"

Kweli ilikaa. Ilikaa vizuri mno, kama kitu kilichokuwa kinasubiri.

Kesho yake walikwenda kufunga. Chuma kilikuwa kimelala kwenye pipa la maji usiku kucha, kimepoa kama jiwe la mtoni. Nyanjige akalala chali chini ya gari, akabeba tako la giaboksi kwa mikono, Masele akakisukuma chuma mahali pake na kuanza kukaza boliti. Hapo ndipo Nyanjige aliposikia kitu juu ya uso wake, ndani ya giaboksi ambayo haikuwa na tone la mafuta wala haijazungushwa na mtu. Taya. Taya zinasaga polepole, zinapumzika, zinameza, zinasaga tena. Pumzi ya moto yenye harufu ya majani ikamshukia usoni. Akageuka atoke, na bega lake la kushoto likagusa ile pete.

Alipiga ukelele uliosimamisha soko. Nyama ilichemka. Masele alimvuta miguu, akachana blauzi, akakuta duara lililoiva, na pembe mbili juu yake.

"Ni cheche tu," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Cheche ya wapi? Umewasha nini?"

Masele alikigusa kile chuma kwa kiganja kizima. Kilikuwa baridi.

Gari likapona, hilo lazima lisemwe. Constantine alicheka peke yake kwa furaha, akapakia mizani, akapita kwenye mnada wa ng'ombe ili watu wamwone. Alipoingiza gia ya tatu, Land Rover ililia. Haikulia kama gari. Iliguna kwa ndani kama dume linaloita kundi, na ng'ombe wote wa mnada, mamia, wakainua vichwa kwa pamoja, wakavunja uzio, wakakimbia upande wa pili, wakamkanyaga dalali mmoja na kumvunja mbavu tatu. Maksai wa mikokoteni ya pamba walijinyonga kwenye nira zao wakitaka kukimbia. Watu walimcheka Constantine. Naye alishuka akichechemea, maana sakafu ya gari ilikuwa imemuunguza kwenye muundi, akapandisha suruali kuonyesha. Duara, na pembe mbili.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, saa ambayo mifugo inarudi, Constantine alisimamisha gari katikati ya barabara ya Nkoma. Wapagazi waliokuwa nyuma, juu ya marobota, walisimulia kwamba alishuka bila kuzima injini, akavua viatu, akaingia shamba la pamba kichwa kimeinama. Walimwita, hakugeuka. Alikuwa anatafuna.

Habari ilipofika Bariadi, Nyanjige hakuuliza anatafuna nini. Alikuwa anajua. Tangu usiku wa kwanza ugali ulikuwa unampanda kooni baada ya kuula, na badala ya kuutema alikuwa anausaga upya, taratibu, macho yamelegea, na jambo lililomtisha kuliko bega lake ni kwamba ulikuwa mtamu.

"Masele," alisema, "mimi nakwenda."

"Huendi popote. Mimi ndiye niliyekileta, mimi nitakirudisha."

Kesho yake asubuhi wakadandia lori la pamba mpaka Nkoma wote wawili, maana Masele hakuthubutu kumwacha peke yake. Land Rover ilikuwa palepale njiani, mlango wazi. Hatua chache kutoka hapo aliishi mfumu, mganga mmoja mwanamama aitwaye Kwandu, mfupi, jicho moja jeupe. Alilitazama bega la Nyanjige kwa mbali, akakataa kulishika.

"Mwangaluka, mayu," Masele alimwamkia kama mama yake.

"Acha mwangaluka. Kata hicho chuma ukirudishe kabla jua halijazama. Mwenye lile zizi ni jini mfugaji. Hafugi ng'ombe, hao wanamkimbia. Anafuga nyie."

"Na mke wangu?"

"Huyo ameshapigwa chapa. Yule mwenye zizi usimlilie, kilio hakijui. Usimtishe, atacheka. Ongea naye kama mfugaji na mfugaji. Hiyo ndiyo lugha yake."

Masele alimfunga Nyanjige kiunoni kwa kamba ya katani, akaifunga kamba kwenye bampa, akaegemeza giaboksi kwenye kinu alichoazima, akaingia chini na msumeno. Nyanjige alikaa juani akisikia chuma kikikatwa. Kilikuwa kinalia. Jua likainama, na miguu yake ikaanza kwenda yenyewe.

"Masele, harakisha. Zizi linaniita."

"Bado kidole kimoja, mke wangu. Kaza moyo."

"Siyo moyo, ni miguu!"

Akavuta. Kamba ikamkata ngozi, ikazama, damu ikatiririka mapajani, na yeye alikuwa analia kwa maumivu huku akizidi kuvuta, akaona mikono ya Masele ikitoka chini ya gari kumshika kisigino, ikateleza kwenye damu, na kamba ikakatika.

Hakujua alivyofika. Alijua tu kwamba alikuwa ndani ya duara la mawe, kwa mikono na magoti, na harufu ya samadi ya watu, na pembeni yake Constantine, uchi, magoti yamechubuka hadi mfupa mweupe, majani yakining'inia mdomoni, akimtazama bila kumjua. Na nyuma ya Constantine wengine, wengi, wa zamani, migongo imepinda kwa kukaa hivyo miaka na miaka, wanawake ambao nywele zao ziliburuza chini, wote na duara na pembe mbili, wote wakicheua kwa pamoja, taya zikienda kushoto, zikienda kulia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa analia, na hilo ndilo lililomfanya Nyanjige atake kulia, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa mlio wa ng'ombe.

Masele akasimama mlangoni, chuma begani.

"Nimeleta mali yako!"

Kwenye kivuli cha ukuta kitu kikasogea. Kilikuwa kirefu, kimejifunika lubega, kimeegemea fimbo, na mahali pa uso palikuwa na giza, ingawa jua lilipamulika.

"Weka," kikasema. Sauti ilikuwa ya upole, ya mzee mwenye mali nyingi. Masele akaweka. "Wabeja, ahsante. Sasa nenda."

"Namtaka mke wangu."

"Mfugo hautoki humu kwa kuombwa. Unatoka kwa kubadilishana. Una nini?"

Nyanjige alimwona mume wake akijifuta jasho, akaweka mikono kiunoni. Alimpenda wakati ule kuliko siku zote alizoishi naye.

"Nina mimi," Masele akasema.

"Dume," kikasema kile kitu, kikimzunguka, kikimbinya mapaja, kikimfungua mdomo kutazama meno. "Zima. Nimekubali. Mchukue jike lako."

Ilikuwa imekwisha hapo. Mungu na ardhi ni mashahidi, ilikuwa imekwisha. Lakini Masele alikuwa Msukuma aliyekulia minadani, na alikuwa ameambiwa aongee kama mfugaji.

"Subiri kidogo, mzee," akasema, na ile sauti yake ya gereji ikamrudia. "Dume kwa mtamba mmoja? Wapi? Nenda mnada wowote. Dume zima kama mimi, fundi, ni mitamba miwili. Tena mmoja awe na mimba."

Nyanjige alipiga kelele ya acha. Ikatoka mlio. Akagonga kichwa kwenye mawe amwonyeshe hapana, na Masele akamkonyeza, kama anayemwambia tulia, mwone mumeo.

Kile kitu kilicheka polepole, kwa raha, kama mtu ambaye kwa miaka mingi hakupata mtu wa kuzungumza naye.

"Unajua biashara. Haya. Miwili."

Chuma kilichukuliwa kutoka chini, kikiwa chekundu bila moto. Mstari mmoja ulipigwa juu ya chapa ya Nyanjige, kuifuta, na alipozinduka kutoka kwenye maumivu alikuwa na sauti, na miguu miwili, na nyuma yake Masele alikuwa ameshapiga magoti, mgongo unafuka moshi, mdomo umeanza kwenda kushoto na kulia. Alimwita jina mara saba. Masele alimtazama kama mtu anavyotazama mti.

Akakimbia. Nyuma yake, kwa mwendo wa taratibu, mtamba wa pili alifuata, mmoja wa wale wanawake wa nywele ndefu, tumbo limejaa.

Mfumu Kwandu alifunga mlango alipowaona. "Huyo siwezi kumfukuza," alisema kupitia ufa. "Jini aliyeingia kwa wizi namtoa. Huyo mmemlipia."

Mwanamke huyo yuko Bariadi mpaka leo, uani, nyuma ya gereji iliyofungwa. Majirani waliambiwa ni shangazi mgonjwa. Hazungumzi. Nywele zake zinafagia chini, na ikifika saa kumi anapiga magoti mlangoni angoje kuingizwa. Nyanjige alimwacha nje mwezi mzima, kwenye mvua, kwa matumaini ya kifo. Hakufa. Alinenepa.

Alizaa mchana, jua la utosi, bila sauti. Watoto walikuwa wawili, wa kike, na kabla damu haijakauka walishasimama kwa mikono na magoti wakatafuta maziwa. Nyanjige alisimama na panga aliloliweka tayari tangu asubuhi, akawatazama. Kisha akaliegemeza ukutani, akatazama uwanja wake kutoka pembe hadi pembe, na kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni kwamba atahitaji mawe ya zizi.